Nani Anamlipa Daktari wa Mapafu?

Mgonjwa wa pumu aingiapo katika chumba cha daktari bingwa, aghalabu jambo la kwanza analoliona ni vyeti vilivyotundikwa ukutani. Hapo husoma kwamba daktari huyu alihitimu chuo fulani mwaka fulani, akafanya mazoezi ya kazi katika hospitali fulani, kisha akafuzu mtihani wa ubingwa. Nchini Marekani, mathalani, safari hiyo huchukua miaka minne ya shahada ya kwanza, minne ya chuo cha udaktari, mitatu ya mafunzo ya magonjwa ya ndani ya mwili, na mitatu tena ya magonjwa ya mapafu na uangalizi wa wagonjwa mahututi. Jumla yake ni miaka 14 baada ya shule ya sekondari. Kutundika vyeti hivyo ni haki ya daktari, na kuvisoma ni haki ya mgonjwa. Lakini ukuta huo huo hauna karatasi inayoeleza ni nani mwingine, mbali na mwajiri wake, anayemlipa daktari huyo, kiasi gani, na kwa kazi gani.

Hoja ya makala haya ni kwamba karatasi hiyo inayokosekana ni sehemu ya usuli wa mtaalamu sawasawa na cheti chake, na kwamba wanafunzi wa sayansi yapasa wafundishwe kuiulizia mapema, kabla hawajawa madaktari au wagonjwa. Yapo mambo mawili yaliyotokea nchini Ufaransa, yote yakiwahusu madaktari wa mapafu, ambayo yanalionyesha suala hili kutoka pande mbili zilizo kinyume kabisa.

Tarehe 16 Aprili 2015, Profesa Michel Aubier, bingwa wa mapafu katika hospitali ya Bichat mjini Paris, alifika mbele ya tume ya Baraza la Seneti iliyokuwa ikichunguza hasara ambayo uchafuzi wa hewa unauletea uchumi wa nchi. Aliapishwa. Alipoulizwa kuhusu uhusiano wake na wenye maslahi ya kiuchumi katika jambo lililokuwa likichunguzwa, alijibu kwamba hana uhusiano wowote. Profesa huyo alikuwa akijulikana kuwa mtaalamu anayepunguza uzito wa madhara ya moshi wa dizeli, hasa pale inapotajwa saratani ya mapafu. Ikumbukwe kwamba kufikia wakati huo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilikuwa limekwisha kuuweka moshi wa injini za dizeli katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Hilo lilifanyika mwaka 2012, na mwaka uliofuata hewa chafu ya nje kwa jumla ikawekwa katika kundi hilo hilo.

Mwezi Machi 2016 magazeti ya Ufaransa yalifichua kwamba tangu mwaka 1997 profesa huyo alikuwa daktari mshauri wa kampuni ya mafuta ya Total, akilipwa maelfu ya euro kila mwezi, na kwamba alikuwa pia mjumbe wa bodi ya wakfu wa kampuni hiyo. Seneti ililipeleka shauri hilo kwa waendesha mashtaka, naye akawa mtu wa kwanza nchini humo kuhukumiwa kwa kusema uongo chini ya kiapo mbele ya tume ya namna hiyo. Mwezi Julai 2017 mahakama ya Paris ilimpa kifungo cha nje cha miezi sita na faini ya euro 50,000. Alipokata rufani, mwezi Novemba 2018, hatia ilithibitishwa lakini kifungo kikaondolewa, na faini ikapunguzwa kuwa euro 20,000.

Profesa alijitetea kwamba kazi yake katika kampuni ilikuwa ya utabibu tu, na kwamba haikuathiri maoni yake juu ya hewa. Utetezi huo usichekwe upesi. Yamkini ni wa kweli. Hakuna mahakama inayoweza kuupasua moyo wa mtu na kuona ni sehemu gani ya maoni yake ilizaliwa maabara na ni sehemu gani ilizaliwa benki. Lakini ugumu huo ndio hasa unaolazimu jambo lenyewe litajwe. Mwanafunzi wa kidato cha pili anayepima joto la maji hufundishwa kuandika mahali kipimajoto kilipowekwa. Kikiwa kimewekwa karibu na moto, huenda bado kikasoma sawasawa. Lakini mwanafunzi akificha kwamba kilikuwa karibu na moto, daftari lake zima halifai, hata kama tarakimu zilizomo ni sahihi. Maseneta walinyimwa habari ya mahali kipimajoto kilipokuwa.

Jambo la pili lilianzia Brest, mji wa bandari ulio magharibi kabisa mwa Ufaransa. Mwaka 2007 Daktari Irène Frachon, bingwa wa mapafu katika hospitali ya mji huo, alimpokea mwanamke mnene aliyekuwa na shinikizo kubwa la damu katika mishipa ya mapafu. Huo ni ugonjwa wa nadra na wa hatari, kwani upande wa kulia wa moyo hulazimika kusukuma damu kwa nguvu isiyo ya kawaida mpaka unachoka. Miongoni mwa dawa alizokuwa akimeza mgonjwa ilikuwamo moja iitwayo Mediator.

Dawa hiyo ilikuwa ikitengenezwa na kampuni ya Kifaransa ya Servier na kuuzwa tangu mwaka 1976. Rasmi ilikuwa ya wagonjwa wa kisukari walio wanene. Kwa vitendo iliandikwa ovyo kwa watu waliotaka tu kupungua uzito. Daktari Frachon alikuwa na sababu ya kulishuku jina hilo. Alipokuwa bado mafunzoni, katika hospitali moja ya Clamart karibu na Paris, alikuwa amewaona wagonjwa walioharibiwa mishipa ya mapafu na dawa nyingine ya kupunguza unene, Isoméride, iliyotoka katika kampuni hiyo hiyo na ambayo iliondolewa sokoni mwaka 1997. Sasa swali lililomjia lilikuwa la kikemia, na mwalimu wa kemia angefanya vyema kulileta darasani: je, dawa hizi mbili, zenye majina mawili na vibali viwili, zikiisha kuvunjwavunjwa mwilini huacha nini?

Jibu ni kwamba huacha kitu kimoja. Benfluoreksi, ambayo ndiyo kemikali iliyomo ndani ya Mediator, ikifanyiwa kazi na ini hutoa norfenfluramini, na ile ya Isoméride hutoa hiyo hiyo. Norfenfluramini huweza kujishikiza katika vipokezi vya serotonini vilivyo katika chembe za vali za moyo, na kuziamrisha chembe hizo zizaliane. Vali ambayo kwa kawaida ni nyembamba na laini hunenepa, hukakamaa, na mwisho haifungi barabara. Damu iliyokwisha kusukumwa mbele hurudi nyuma. Mgonjwa hujihisi ameishiwa pumzi, na ndiyo maana mara nyingi huishia kwa daktari wa mapafu ilhali kidonda chake ki moyoni.

Kushuku si kuthibitisha. Daktari Frachon na wenzake wa Brest walikwenda katika majalada ya hospitali wakakusanya wagonjwa 27 waliokuwa na vali inayovuja bila sababu inayojulikana, kisha wagonjwa wengine 54 ambao uvujaji wa vali zao ulikuwa na sababu iliyo wazi. Katika kundi la kwanza, 19 walikuwa wamepata kuitumia Mediator. Katika la pili, watatu tu. Mwanafunzi achukue kalamu: 19 kwa 27 ni kama asilimia 70, na 3 kwa 54 haifiki asilimia 6. Akitaka kulinganisha kama wafanyavyo wataalamu wa takwimu za magonjwa, azidishe 19 kwa 51, azidishe 8 kwa 3, kisha agawanye jibu la kwanza kwa la pili. Atapata kiasi cha 40. Baada ya hesabu kurekebishwa kwa tofauti nyingine za wagonjwa, kama vile uzito wao na kuugua kisukari, uwiano huo ulishuka hadi kama 17, ambao bado ni mkubwa mno. Utafiti huo, uliochapishwa mwaka 2010, haukuhitaji mtambo wa mamilioni. Ulihitaji majalada yaliyotunzwa vizuri na mtu asiyekuwa na sababu ya kutoyafungua.

Bima ya afya ya taifa ilipochunguza kumbukumbu za zaidi ya wagonjwa milioni moja wa kisukari, iliona kwamba waliotumia dawa hiyo walilazwa hospitali kwa ajili ya vali zinazovuja takriban mara tatu zaidi ya wasioitumia. Mwezi Novemba 2009 dawa iliondolewa sokoni. Hata hivyo, mwaka uliofuata, daktari huyo alipoandika kitabu kilichokuwa na swali jaladani kuhusu idadi ya waliokufa, kampuni ilikwenda mahakamani, na mahakama ikaamuru swali hilo lifutwe. Amri hiyo ilitenguliwa katika rufani mwaka 2011. Kufikia hapo swali lenyewe lilikuwa limekwisha kupata majibu ya kutisha: watu kama milioni tano walikuwa wametumia dawa hiyo kwa miaka 33, na makadirio ya waliokufa yalianzia 500 yakafikia 2,000 hivi. Mwezi Machi 2021 mahakama iliitia Servier hatiani kwa udanganyifu mkubwa na kwa kuua bila kukusudia. Mwezi Desemba 2023 mahakama ya rufani iliongeza adhabu na kuitaka ilipe zaidi ya euro milioni 415 kwa mifuko ya bima.

Lililo muhimu kwa mada hii ni ule muda uliopita kabla ya hapo. Daktari wa moyo wa Marseille alikuwa ametoa taarifa ya mgonjwa wa namna hiyo kwa wakuu wa dawa tangu mwaka 1999. Miaka kumi ilipita. Wakala wa serikali uliopaswa kulinda afya za watu nao ulitiwa hatiani mwaka 2021, na katika kesi hiyo ilidhihirika kwamba baadhi ya wataalamu walioushauri walikuwa pia na mikataba ya ushauri na kampuni ile ile iliyotengeneza dawa. Hakuna lazima ya kuamini kwamba kila mmoja wao alikaa usiku akipanga kuua watu. Inatosha kufahamu kwamba taarifa ya mgonjwa mmoja, iliyo hafifu kama zilivyo taarifa zote za mwanzo, humhitaji msomaji aliye tayari kuudhi mtu. Mtu hawi mwepesi wa kumuudhi anayemlipia safari.

Kwa sababu ya msiba huo Bunge la Ufaransa lilipitisha sheria mwezi Desemba 2011, na mwaka 2014 daftari la wazi likafunguliwa ambamo makampuni ya dawa na vifaa vya tiba hulazimika kuandika kila fadhila ya kuanzia euro 10 wanayompa mtu wa fani ya afya. Mwanzoni kiasi cha fedha za mikataba hakikuonyeshwa, ikawa mwananchi anasoma bei ya sahani ya chakula alicholipiwa daktari bila kusoma malipo ya kazi yake ya ushauri. Kasoro hiyo ilirekebishwa baadaye. Sheria kama hiyo ilikuwa imetangulia kutungwa Marekani mwaka 2010, na malipo ya kwanza yakatangazwa huko tarehe 30 Septemba 2014.

Hapa ndipo kisa cha kwanza na cha pili vinapokutana kwa namna isiyotarajiwa. Daftari la Ufaransa lilikuwa tayari limefunguliwa wakati Profesa Aubier alipoapa mbele ya Seneti. Seneta yeyote angeweza kulitazama. Asingeliona jina la Total humo, kwani Total huuza mafuta, haiuzi dawa. Watunga sheria walizuia mlango ambao mwizi wa mwisho alipitia. Lakini mapafu yana jirani wengi wenye fedha zaidi ya watengenezaji wa dawa: wauza mafuta, watengenezaji wa magari, wachimba makaa, viwanda vya saruji na vya sigara, na makampuni yaliyowahi kuchimba na kuuza asbesto. Kwa ugonjwa wa kisukari huenda daftari la makampuni ya dawa likatosha. Kwa mapafu halitoshi hata kidogo.

Wapo madaktari wengi, na wengine wao ni watu wema, wanaokasirishwa na mazungumzo ya namna hii. Husema: je, mtu aliyesoma miaka 14 atauza akili yake kwa kuku na chupa ya soda? Swali hili lilikwisha kujibiwa zamani, tena katika jarida la madaktari wa kifua wenyewe. Mwaka 1992 jarida la Chest la Marekani lilichapisha utafiti kuhusu madaktari wa hospitali moja waliopelekwa na makampuni ya dawa katika semina zilizofanyika sehemu za starehe, nauli na malazi yakiwa yamelipwa. Watafiti walihesabu dawa zilizotumika katika hospitali hiyo kabla na baada ya safari. Matumizi ya dawa ya kwanza yalipanda kutoka wastani wa vipimo 81 hadi 272. Ya pili kutoka 34 hadi 87. Kabla ya kuondoka, wengi wa madaktari hao walikuwa wamesema kwamba safari haitabadili lolote katika uandishi wao wa dawa. Hawakuwa waongo. Walikuwa hawajijui, kama watu wengine wote.

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2001, uliwauliza madaktari vijana waliokuwa mafunzoni kama zawadi za makampuni zinaathiri uamuzi wao. Asilimia 61 walijibu kwamba wao haziwaathiri. Walipoulizwa kuhusu madaktari wenzao, ni asilimia 16 tu waliosema kwamba wenzao nao hawaathiriki. Tarakimu hizi mbili haziwezi kuwa za kweli kwa pamoja, na mwalimu wa hisabati anaweza kulitumia darasani swali la kwa nini.

Watanzania wana neno lao kwa jambo hili, na walilijadili kwa ukali kuliko Wafaransa. Sheria ya uchaguzi iliporekebishwa mwaka 2000, ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura ulihalalishwa kwa jina la takrima. Hoja ilikuwa kwamba ni desturi ya Mwafrika kumkirimu mgeni. Mwezi Aprili 2006 Mahakama Kuu ilivifuta vifungu hivyo kuwa ni kinyume cha Katiba, kwa kuwa havikuweka mpaka wowote kati ya ukarimu na rushwa, na vilimpendelea mwenye mali. Mtu aliyefuatilia kesi ile hahitaji kuelezwa zaidi chakula cha mchana cha mwakilishi wa kampuni ya dawa ni kitu gani. Mwenyeji ndiye anayemkirimu mgeni. Hapa mgeni ndiye anayeingia hospitali na kumkirimu mwenyeji, naye anayelipa gharama hatimaye ni mgonjwa, ambaye hakualikwa mezani.

Pamoja na hayo, daftari la malipo lina hatari zake, na asiyejua kulisoma ataumiza watu wasio na hatia. Tangazo la kwanza la Marekani lilihusu miezi mitano ya mwisho ya mwaka 2013. Lilikuwa na malipo milioni 4.4 yenye thamani ya karibu dola bilioni 3.5, waliyopokea madaktari wapatao 546,000 na hospitali za kufundishia 1,360 hivi. Anayegawanya kwa haraka atapata wastani wa dola 795 kwa kila malipo, na atapiga kelele. Wastani huo haumwelezi mtu yeyote. Malipo mengi mno yalikuwa ya vyakula vya dola chache, na machache yalikuwa makubwa ajabu: mirabaha ya uvumbuzi, hisa, na gharama za utafiti zilizokwenda hospitali na si mfukoni mwa daktari. Hapa ndipo mwanafunzi anapoona faida ya kujua tofauti kati ya wastani na namba ya katikati, somo ambalo vijana wengi hulikariri kwa ajili ya mtihani na kulisahau siku ya pili. Sehemu kubwa ya kumbukumbu hizo, isitoshe, zilitangazwa bila majina kwa sababu hazikuweza kuoanishwa na madaktari wenyewe kwa uhakika.

Aidha, kupokea si kukosea. Dawa mpya ya pumu haiwezi kujulikana kama inafaa mpaka madaktari wa mapafu waijaribu kwa wagonjwa kwa utaratibu, na kazi hiyo ina gharama ambazo ni halali kampuni izilipe. Fedha hizo zikipitia hospitali, mpango wa utafiti ukaandikishwa hadharani kabla ya kuanza, na matokeo yakachapishwa hata yakiwa mabaya, hapana aibu. Kumlipa daktari asimame mbele ya wenzake akisoma maneno yaliyoandikwa na ofisi ya mauzo ni jambo jingine kabisa, na inashangaza kwamba yote mawili huwekwa katika daftari moja kana kwamba ni ndugu. Hilo la pili halihitaji kutangazwa, linahitaji kukomeshwa. Kampuni ya GlaxoSmithKline, ambayo ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa dawa za kuvuta za pumu, ilitangaza mwezi Desemba 2013 kwamba itaacha kuwalipa madaktari wazungumzie dawa zake. Mwaka uliotangulia ilikuwa imekubali kulipa dola bilioni tatu kumaliza mashtaka nchini Marekani, mojawapo ya madai yakiwa kwamba ilisukuma dawa yake ya Advair itumike hata kwa wenye pumu hafifu wasioistahili. Mwezi Oktoba 2018 ilitangaza kulegeza msimamo wake. Washindani wake hawakuwa wamemfuata, na inaelekea mwema aliye peke yake sokoni huchoka.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki iko pengo nyingine iliyo kubwa zaidi. Sheria ya Marekani inahusu madaktari wenye leseni ya Marekani, na ile ya Ufaransa inawahusu wanaofanya kazi Ufaransa. Kampuni ile ile ambayo ni lazima iandike kipande cha mkate ilichomlipia daktari wa Chicago haina wajibu, kwa sheria hizo, kuandika karamu inayomfanyia daktari katika hoteli ya Dar es Salaam au Nairobi. Na si kwamba karamu hizo ni ngeni. Mwaka 1978, katika jarida la Lancet, Daktari John Yudkin aliandika kuhusu upatikanaji wa dawa Tanzania, akaonyesha kwamba makampuni yalikuwa na mwakilishi mmoja nchini kwa takriban kila madaktari wanne, uwiano uliozidi kwa mbali ule wa Uingereza. Nchi iliyokuwa na upungufu wa kila kitu ilikuwa na wingi wa wauzaji. Inafaa kujiuliza kwa nini kampuni ingegharimia watu wote hao kama maneno yao hayabadili chochote katika cheti cha dawa.

Pumu ni ugonjwa wa maisha, na inhela hununuliwa mwezi hata mwezi. Salbutamoli ni dawa ya zamani, inayotengenezwa na viwanda vingi. Lakini dawa za kuvuta zenye mchanganyiko hulindwa na hataza za kemikali na za kifaa chenyewe. Huko Marekani Advair iliidhinishwa mwaka 2000, na mfano wake wa kwanza wa bei nafuu usio na jina hilo la kibiashara haukuidhinishwa mpaka mwaka 2019. Katika miaka hiyo yote kalamu ya daktari ndiyo iliyokuwa ikiamua mzazi alipe kiasi gani. Mzazi wa Tandika au wa Kisumu akipewa cheti chenye jina la kibiashara hana njia ya kujua kama jina hilo limeandikwa kwa kuwa linamfaa mtoto wake kuliko majina mengine, au kwa kuwa ndilo lililokuwa kwenye kalamu aliyopewa daktari juma lililopita.

Mabaraza ya madaktari katika nchi zetu hayahitaji kungoja mfumo wa gharama kama wa Paris au Washington. Daktari anapohuisha leseni yake hujaza fomu. Fomu hiyo inaweza kuongezwa ukurasa mmoja wenye safu nne: nani aliyelipa, kiasi gani au kitu gani, kwa kazi gani, na mwezi gani. Safu ya kwanza isitaje makampuni ya dawa peke yake. Itaje kila mtu asiyekuwa mwajiri, awe anauza vidonge, mafuta, sigara au saruji. Wahadhiri wa vyuo vikuu na waandishi wa vitabu vya afya vya shule nao waijaze, maana maneno yao hufika kwa watu wengi kuliko ya daktari mmoja. Kurasa hizo ziwekwe mahali ambapo mwananchi yeyote, hata mwanafunzi wa sekondari mwenye kazi ya nyumbani, anaweza kuzisoma bila kuandika barua ya maombi. Na yule asiyelipwa na mtu naye aandike kwamba hakuna, kisha atie sahihi na tarehe.